"Na babake babu yako?" Afisa wa uhamiaji aliyeimba Mombasa

Swali hilo, ambalo afisa humwuliza mwenye kuomba kitambulisho, lina mizani nane. Hesabu: na-ba-ba-ke-ba-bu-ya-ko. Nililihesabu kwa vidole Jumamosi moja alasiri katika darasa la shule moja hapa Majengo, kodiani mapajani, kwa sababu mwimbaji wetu wa besi alikuwa amegoma. Maneno hakuyapinga. Alichokataa ni mahadhi niliyoyatunga. "Maalim," akaniambia, "haya ni mahadhi ya mtu mwenye hasira. Yule afisa aliyenihoji mimi hakuwa na hasira hata kidogo. Aliniuliza kama vile yuwanijulia hali."

Kisa ninachokichambua ni cha mchezo wa kuimbwa wa dakika arubaini tuliouandaa watu kumi na wanne: wanakwaya wanane wa kanisa, wapigaji taarab watatu, kijana mmoja wa chuo aliyekuwa mwelekezi, fundi wa kushona, na mimi. Tuliucheza mara mbili tu, Ijumaa usiku na Jumamosi alasiri. Watu wengi wameniuliza ulikuwaje. Hapa naeleza tulichofanya, tulichokosea, na lile jambo la bibi mmoja ambalo hatukulipanga.

Wazo tulilichota mbali. Mwaka 1998 kampuni ya Glyndebourne ya Uingereza ilionyesha kwa mara ya kwanza opera iitwayo Flight, muziki wa Jonathan Dove na maneno ya April De Angelis. Yote hutokea ndani ya uwanja wa ndege. Dhoruba imezuia ndege zisiruke, wasafiri wamekwama usiku kucha, na miongoni mwao yumo mtu ambaye kwake dhoruba haibadilishi kitu, maana yeye amekwama siku zote. Jina hana. Anaitwa Mkimbizi tu. Juu yao, kwenye mnara, yuko mwanamke anayeongoza ndege, mwenye sauti ya juu mno, anayependa mbingu na ndege kuliko binadamu. Afisa wa uhamiaji huwa anapitapita, na sauti yake ni ya chini.

Mbegu ya hadithi ile ni mtu wa kweli, Mehran Karimi Nasseri, Muirani aliyeishi katika uwanja wa Charles de Gaulle mjini Paris tangu 1988 hadi 2006. Kesi yake huwa nairudia kila nikiwaeleza wanafunzi. Mwaka 1992 mahakama ya Ufaransa iliamua kwamba aliingia uwanjani kihalali, kwa hiyo hawezi kufukuzwa. Lakini mahakama hiyohiyo haikuwa na uwezo wa kumruhusu aingie Ufaransa. Kwa hivyo akabaki kwenye benchi lake, mizigo ubavuni, akiandika shajara. Ilipofika 1999 karatasi zikapatikana, naye akakataa kutia sahihi: zilimwita Muirani, tena hazikuwa na jina alilotaka kuitwa, Sir Alfred. Wenzake wakamwona amepotewa na akili. Labda. Lakini mtu yeyote hapa pwani aliyewahi kurudishiwa cheti chenye jina la babake limeandikwa kombo, akaambiwa akubali hivyohivyo ama aanze upya, ataelewa mkono ule ulisita wapi. Nasseri alifariki Novemba 2022, na alifia uwanjani palepale, baada ya kurudi wiki chache kabla.

Opera yenyewe hatukuigusa. Ina haki zake, na inahitaji okestra na waimbaji kumi wa hali ya juu. Sisi tulichukua umbo tu: mtu mmoja mbele ya dirisha, asiyekubaliwa wala asiyefukuzwa. Karibu kila kitu kingine tulikitunga hapahapa.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa jina la mhusika. Mwelekezi alitaka "Mkimbizi", kama kule. Mpiga fidla, mzee wa miaka sabini na ushei, akatikisa kichwa. Kwake yeye neno hilo lina mahali, na mahali penyewe ni Utange. Miaka ya mwanzo ya 1990 vita vya Somalia vilileta watu kwa majahazi mpaka hapa, wakawekwa kambini, na baadhi yao walikuwa Wabarawa, ambao lugha yao, Chimwini, ni tawi la Kiswahili hichihichi. Mzee alikuwa akiwapelekea maji, na husema kilichomshangaza ni kumsikia mkimbizi akizungumza akaelewa nusu. Kambi zikafungwa kabla muongo huo haujaisha, watu wakahamishiwa Dadaab na Kakuma. Hakutaka tulitie neno lile kwenye mdomo wa kijana anayeimba kwa ajili ya makofi.

Tukaamua kumwita Mzamiaji. Kila mtoto wa Kilindini analijua neno hili. Mzamiaji ni yule anayejificha melini aende Ulaya, akirudi aje na viatu, asiporudi asimuliwe. Lina mzaha ndani yake, nami mzaha niliutaka, maana watu wa Mombasa ukiwaanzia na kilio watakupa pole kisha watoke nje kununua mahamri. Halafu kuna jambo jingine. Katika opera ile, sehemu ya tatu, Mkimbizi anafichua kwamba ndugu yake alisafiri naye amejificha kwenye magurudumu ya ndege, akafa kwa baridi. Miaka ishirini na moja baadaye, Juni 2019, mtu aliyejificha kwenye magurudumu ya ndege iliyotoka Nairobi alianguka katika bustani ya nyumba moja kusini mwa London. Tulipoikumbusha habari hiyo darasani, mzaha wa jina letu ulibadilika ladha. Tukaliacha hivyohivyo, na ladha zake zote mbili.

Sauti yake haikutupa taabu. Dove alimwandikia Mkimbizi sauti ya kauntatena, yaani mwanamume anayeimba kwa kimo cha mwanamke, na Ulaya jambo hilo bado hufanya watu wageuze shingo. Hapa aliyekulia kwenye kanda za Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab, hashangai mwanamume akipanda juu. Tulimpata kijana wa kwaya anayepanda bila kujikaza, basi.

Taabu ilikuwa kwa afisa.

Narudi kwa yule bwana wa besi. Kwao ni Shimoni, asili yao Pemba. Wapemba wapo pwani hii tangu kabla ya uhuru wa 1963, na wengine walikuja baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Wazazi wao walivua hapa, wao wakazaliwa hapa, na miaka nenda miaka rudi wakaishi bila kitambulisho, na bila kitambulisho hupati leseni ya uvuvi, wala laini ya simu kwa jina lako, wala akaunti ya benki. Serikali iliwatambua kuwa raia mwaka 2023. Wamakonde waliwatangulia: Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale mpaka Nairobi kudai haki hiyohiyo, ilhali wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Bwana wetu wa besi alipigwa msasa, yaani kuhojiwa juu ya ukoo wake, mara tatu kabla ya kupata kitambulisho chake. Maswali anayajua kama anavyoijua Fatiha.

Kwa nini basi tukampa uafisa? Kwa sababu ya koo lake tu, nakiri. Hatukuwa na besi mwingine. Mwelekezi aliona haya, akamwuliza kama angependa kubadilishwa. Akasema, "Niachieni. Mimi ndiye niliyemsikiliza kwa makini kuliko nyote."

Ndipo alipogoma kwenye mahadhi. Nilikuwa nimemwandikia afisa kama wabaya wa filamu: sauti inashuka kwa kishindo, tari zinapigwa, kila swali ni kofi. Yeye akaimba kwa namna yake, polepole, akitabasamu, akimalizia juu kidogo kama mtu anayekukaribisha chai:

Jina la baba ni nani?
Na babu mzaa baba?
Na babake babu yako?

Mgongo ulinisisimka. Kwa kawaida najizuia kusema hivyo kuhusu mazoezi ya Jumamosi. Kilichonishika ni kwamba mizani zilikuwa zimetimia bila mtu kuzitengeneza. Mshororo wa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, una vipande viwili, ukwapi na utao, mizani nane kila kimoja. Maswali ya dirishani ni ukwapi mtupu. Na sisi Wakenya kitambulisho tunakiita nini? Kipande. Jina limetoka enzi ya ukoloni, wakati mwanamume Mwafrika alipolazimishwa kutembea na karatasi yake ndani ya kikopo cha bati shingoni. Mtu yuko dirishani, anapewa kipande cha shairi, anaombwa atoe kipande chake. Ushairi ulikuwa umekaa mle afisini siku zote, mimi nikiutafuta kwenye vitabu.

Tukavunja nilichoandika. Adabu ikawa ndiyo mtindo wa afisa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo ninapodhani tuliipita mifano yetu. Kuna opera nyingine ya zamani kidogo, The Consul ya Gian Carlo Menotti, ya 1950, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka huohuo. Mke wa mtu anayesakwa na polisi anakwenda ubalozi wa nchi jirani siku baada ya siku kuomba viza, na katibu wa ubalozi anamjibu kwa fomu. Balozi mwenyewe haonekani mpaka pazia linafungwa. Yule katibu ni baridi, na baridi yake unaiona toka mlangoni. Afisa wetu alikuwa na joto. Alimpa Mzamiaji kiti. Alimwuliza kama amekula. Kisha akamwimbia, kwa mahadhi yaleyale ya chai, mstari ambao baadaye vijana walitoka nao barabarani: Ndoo kesho asubuhi.

Hapo pia palikuwa na ugomvi, mfupi. Mwelekezi, ambaye kwao ni bara, alisema hadhira itasikia ndoo ya maji. Kwa Kimvita ndoo ni njoo, kama ndia ilivyo njia na ndaa ilivyo njaa. Tena, akasema, maafisa wengi huletwa kutoka mbali, hawasemi hivyo. Besi akamjibu kwamba wake alisema hivyo. Alikuwa mtu wa hapahapa, pengine hata walisoma madrasa moja. "Ndiyo maana iliuma." Neno likabaki.

Muhuri tuliutengeneza kwa kibao cha kukatia vitunguu kilichobandikwa kipande cha ndara. Tulijaribu kuugonga tukaona unalia kama mlango. Mshonaji ndiye aliyekumbuka: wino ukikauka, maafisa huupulizia mpira pumzi ya mdomo, haaa, ili ulowe. Tukamwambia besi aufungue mtoto wa meza, autoe muhuri, aupulizie, aushike juu ya karatasi, aitazame karatasi, kisha aurudishe mtotoni. Afanye hivyo mara tatu katika mchezo mzima na asiugonge hata mara moja. Tulipocheza, mara ya tatu nilisikia ukumbi ukivuta pumzi pamoja naye.

Uamuzi wa mwisho tuliukopa kwa Flight waziwazi, maana sijui uamuzi mwingine ulio wa kweli zaidi. Kule, baada ya kusikia habari ya yule ndugu, afisa hamkamati Mkimbizi wala hamruhusu kutoka. Anakubali kufumba macho, mtu abaki uwanjani. Watazamaji wengine huiona kuwa huruma. Mimi naiona kama hukumu ya 1992 iliyotiwa muziki, na nikiwa na wanafunzi hubishana nao mpaka kengele. Kukataliwa kuna tarehe, unaweza kukata rufaa. Kuachwa hapo hapo hakuna karatasi ya kushika. Muziki unaufaa uamuzi wa namna hii, kwa kuwa kazi ya wimbo wa opera ni kusimamisha saa: mtu anaimba dakika sita kuhusu jambo la sekunde moja, na sisi tunamvumilia. Dirishani ni hivyohivyo, ila humvumilii mtu.

Ijumaa usiku ukumbi ulijaa, watu kama mia na themanini, feni mbili kati ya nne zikizunguka. Tulipofika kwenye maswali, besi akaimba la baba, Mzamiaji akajibu. Akaimba la babu, akajibu. Akaimba la babake babu, na hapo Mzamiaji hutakiwa kunyamaza mapigo manane, kisha aanze wimbo wake mkubwa wa kutojua.

Katika mapigo yale manane bibi mmoja wa safu ya tatu, buibui na miwani, alijibu.

Alijibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeitwa jina lake hospitalini. Alitaja majina matatu, akaongeza na kijiji. Sitayaandika, ni ya kwao. Nilihesabu bila kutaka: mizani kumi na moja. Hayakuingia kwenye kipande. Nikarudia mapigo, besi akanitazama, mdomo wazi, uafisa wote umemtoka. Watu hawakucheka. Mwanamke mwingine kule nyuma akataja wake. Kisha mzee mmoja. Nilizungusha yale mapigo manane mara tano kabla kijana wetu hajapata pa kuingilia, na alipoanza wimbo wa kutojua babu yake, baada ya watu watatu kuonyesha kwamba wao wanawajua, wimbo ukawa mwingine kabisa. Tulikuwa tumeutunga uwe wa huzuni. Ulitoka wa aibu.

Mwelekezi alifurahi mno. Usiku uleule akapendekeza kwamba Jumamosi tupande watu wetu wawili watatu ukumbini wajibu. Nilimkatalia, tukagombana mpaka stendi ya matatu. Sababu yangu haikuwa ya sanaa peke yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake ni raia. Mama au baba. Babake babu hayumo. Februari 2025 rais alitangaza hadharani kukomeshwa kwa msasa wa ziada kwa jamii za mipakani. Yule bibi alijibu swali ambalo sheria haimwulizi, na alilijibu vizuri kwa sababu ameishi maisha yake yote akijiandaa kuulizwa. Kumtumia mtu mwingine aigize jibu lile ningeona kama kumgeuza yeye kuwa pambo. Jumamosi hatukupanda mtu. Mapigo manane yalipita kimya, simu ya mtu ikalia, onyesho likaenda vizuri tu, zuri la kawaida.

Makosa yetu mengine ni ya kawaida: sehemu ya bandarini ilikuwa ndefu, dumbaki liliwafunika wanawake, na mimi niliharakisha mwisho siku zote mbili. Kosa kubwa lilitokea nje ya jukwaa, na tulilifanya kwa kicheko.

Ijumaa, watu wakitoka, yule bibi alimwendea besi aliyekuwa bado na shati lake la afisa, la rangi ya maziwa, mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni. Akamwambia, "Haya babangu, nimekwambia wote. Sasa kipande naja kuchukua lini?" Sote tuliokuwa karibu tulicheka. Besi naye, midomo ikiwa bado moto kwa kuimba, akamjibu kwa mahadhi kamili: "Ndoo kesho asubuhi." Bibi akacheka pia. Nina hakika alicheka, nilimwona.

Jumamosi saa tatu asubuhi tulikuwa tukipanga viti, mshonaji akimrudishia besi kifungo kilichodondoka, shati likiwa mwilini. Mlinzi akaja kutuambia kuna mtu mlangoni. Alikuwa amesimama na bahasha ya kaki, imefungwa kwa mpira, kingo zimelainika kwa kushikwashikwa. Yeye kipande anacho, akasema, tangu ujanani. Hizi ni za mjukuu, mama yake hayupo, anarudishwa huu mwaka wa pili. Alijua jana ulikuwa mchezo, si mtoto mdogo yeye. Lakini mwenye kuyajua maswali vile, akasema, lazima anajua na mlango.

Besi alivua lile shati, kifungo kikining'inia na uzi, akavuta viti viwili, akaketi na fulana yake. Akatoa karatasi moja moja, akazipanga kwenye kiti cha tatu: kadi ya kliniki, barua ya mzee wa mtaa, cheti cha kifo. Akazisoma zote. Akakuna kichwa. Kisha akamwuliza, polepole, jina la babake mtoto.